Cheti cha Mfasiri

Wakili Mbeti Nyamai alipanda ngazi za ofisi yake ya Barabara ya Jogoo akiwa peku, viatu mkononi. Kisigino kimoja kilikuwa kimemkatikia kule mahakamani Milimani, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuchechemea mbele ya watu, alivivua vyote viwili akaendelea na mwendo wake wa kawaida, shingo juu.

"Munyao, chai! Awiti, niletee faili ya yule nyanya wa Shauri Moyo. Upesi! Hakimu anataka makubaliano yawe yameingia kwenye mtandao wa mahakama kabla ya saa kumi."

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu. Awiti, msichana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa akimalizia miezi yake sita ya mafunzo ya uwakili chini ya Mbeti, aliivuta faili kutoka kwenye rundo na kuifungua ukurasa wa mwisho. Pale palikuwa na alama ya kidole gumba, wino wa buluu, ya Bi. Dorsila, mjane wa miaka sitini na minane asiyejua kusoma. Chini yake palikuwa na nafasi tupu na maneno ya cheti: kwamba mtu fulani amemsomea Bi. Dorsila hati hii kwa Kijaluo, amemfafanulia, naye ameonekana kuielewa.

"Jaza jina lako hapo, utie saini," alisema Mbeti huku akitafuta ndara chini ya meza.

"Madam, siku aliyokuja mimi sikuwepo. Nilikuwa mahakama ya Makadara."

"Basi nani alimsomea?"

Munyao, karani aliyezeekea kwenye ofisi za mawakili, alisimama mlangoni na birika. "Ni mimi, Madam."

"Wewe? Mkamba wa Mwala?"

"Nimekaa Kaloleni na Wajaluo miaka ishirini. Nilimwonyesha karatasi, nikamwambia, 'Ber.' Ber ni nzuri. Akacheka, akaweka kidole."

Mbeti aliangua kicheko mpaka akashika meza. Awiti naye akacheka. Baadaye alipokuwa akijiuliza jambo lile lilitokeaje, hicho ndicho kilichomuuma zaidi: kwamba lilitokea watu wakicheka.

"Haya, sikiliza," alisema Mbeti akipangusa macho. "Sisi tuko upande wa nani?"

"Wa nyanya."

"Tunamlipisha?"

"Hapana."

"Makubaliano ni mazuri au mabaya?"

"Ni mazuri."

"Na wewe ndiye Mjaluo wa pekee humu ndani. Unaniamini, huniamini?"

Ofisi kumi na moja zilikuwa zimemkataa Awiti kabla ya hii. Kwingine waliuliza baba yake ni nani mjini, na alipojibu kwamba ni mstaafu wa baraza la jiji, msoma mita za maji, walimwambia watampigia simu. Mbeti hakuuliza baba. Alimuuliza kama amekula. Siku ya kwanza alimpa koti lake jeusi la zamani, akampeleka mwenyewe kwa fundi kulipunguza mabega. Na wiki ya pili, Awiti alipolia pamoja na mteja aliyekuwa akisimulia habari za mumewe, ni Mbeti aliyemshika mkono hadi kwenye sinki. "Nawa uso," alimwambia. "Huyo mama ana ndugu wengi wa kulia naye. Wakili anaye mmoja tu." Awiti aliyahifadhi maneno hayo kama mtu anavyohifadhi kitambulisho.

"Nakuamini, Madam," alisema, akatia saini.

*

Kesho yake mchana, nyumbani kwa kina Awiti huko Shauri Moyo, mama yake, Apondi, alikuwa akisonga ugali mlango uliposukumwa bila hodi. Alikuwa Dorsila mwenyewe, kanga kichwani, ameshika mkono wa mjukuu wake Tiffany, wa miaka saba, na mkono mwingine mfuko wa njugu karanga.

Dorsila na Apondi walikuwa wakikaa benchi moja kanisani. Miaka mitatu nyuma Dorsila alikuja Nairobi kutoka Ugenya kumuuguza bintiye Jacklyne. Jacklyne alifariki, mtoto akabaki, na Dorsila akabaki na mtoto. Kiswahili chake kilitosha kununua sukumawiki na kukataa bei. Baba wa mtoto, Owiti, fundi wa jokofu aliyekuwa na mke mwingine mtaani Mowlem, alipofungua kesi ya kutaka kuishi na binti yake, Apondi ndiye aliyesema, "Mbona Awiti yuko kwa wakili?" na kuwapeleka kwa Mbeti.

"Nyathina, mwanangu!" Dorsila alimkumbatia Awiti, akaongea Kijaluo chake cha haraka. "Nimekuja kusema asante. Tangu niweke kidole ninalala kama mtoto. Huyo mwanamume atanunua sare na vitabu, na Tiffany atabaki kwangu. Yule karani wenu mfupi aliniambia ni nzuri, nzuri kabisa."

Awiti alihisi njugu aliyokuwa akitafuna imekuwa mchanga. Aliijua ile hati, kwani ndiye aliyeichapa. Ilisema Tiffany ataishi kwa baba yake huko Mowlem, karibu na shule. Ilisema nyanya atamwona Jumapili moja kila mwezi, saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.

"Eh, Dani," alisema, akimwita nyanya kwa Kijaluo.

"Kwani kesi inaisha lini?" aliuliza Apondi.

"Jumatano makubaliano yataingizwa, iwe amri ya korti."

"Na hayo makubaliano yanasema vipi hasa? Tuelezee na sisi tufurahi."

"Mama, siwezi kuzungumza mambo ya mteja hapa."

Apondi aliuacha mwiko ndani ya sufuria. "Mteja? Huyu ni Mama Jacklyne!"

Baba yake, Zedekiah, aliyekuwa kwenye kochi akikagua redio iliyogoma, aliinua kichwa. "Ngoja kidogo. Mteja si ndiye huyu aliyeketi hapa? Sasa unamfichia siri yake mwenyewe?"

Dorsila, ambaye hakuelewa Kiswahili chao, aliwatazama mmoja mmoja kwa tabasamu, akamsogezea Awiti mfuko. Awiti akachukua njugu nyingine. Alikula hadi mgeni akaondoka, kwa kuwa mdomo wenye njugu hauulizwi.

*

Apondi alimsindikiza rafiki yake. Zedekiah aliizima redio ambayo hata hivyo haikuwa ikiongea.

"Una sura ya mtu aliyepanga foleni choo cha stendi," alisema. "Kuna nini?"

Awiti alimwambia. Alimwambia yote, cheti na kicheko na 'ber' ya Munyao. Zedekiah alitaka kucheka, akajizuia, akajikuna kidevu.

"Mimi niliwahi kusoma mita bila kuiona," alisema. "Pale mtaa wa Jerusalem. Mwenye nyumba alikuwa na mbwa. Nikasimama langoni, nikakisia, nikaandika. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwezi wa nne wakamkatia maji mama mmoja aliyekuwa akikaa nyumba ya nyuma. Akaja ofisini na mtoto mgongoni, anauliza ni nani aliyeandika hesabu hizi."

"Ukafanya nini?"

"Nikajificha nyuma ya kabati."

"Baba!"

"Nakwambia ukweli. Nilikaa huko mpaka akaenda. Vumbi tele, nikazuia chafya kwa vidole viwili. Wenzangu walicheka wiki nzima." Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Miaka thelathini na moja sasa. Uso wake naujua kuliko wa shangazi zako."

Awiti alisubiri sehemu yenye funzo. Haikuja. Zedekiah aliwasha tena redio, akaipiga kofi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ikaimba.

*

Jumatatu asubuhi aligonga mlango wa Mbeti kabla hajakalia kiti.

"Madam, Bi. Dorsila hajui alichowekea kidole. Anadhani mtoto anabaki kwake."

Mbeti alitua mkoba. "Umejuaje?"

"Alikuja kwetu Jumamosi. Alituletea njugu."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia. Niliogopa."

Mbeti alifunga mlango, na Munyao kule nje akaacha kupiga chapa. "Awiti, hebu tufikirie kama mawakili. Tukienda kwenye kesi kamili, nani atashinda? Baba ana kazi, ana nyumba ya vyumba viwili, shule iko hapo nje ya lango. Mkewe anampenda mtoto, ofisa wa watoto ameandika hivyo. Nyanya ana chumba kimoja, na presha. Atashindwa, na hata hiyo Jumapili moja huenda asiipate. Nilimtafutia kilicho bora."

"Najua."

"Basi shida ni nini?"

"Yeye hajui."

"Unafahamu ulichosaini Ijumaa? Lile si jina langu, ni lako. Ukisema ni uongo, wewe ndiye uliyesema uongo. Hujaapishwa bado, na unaweza usiapishwe kamwe."

Awiti aliweka mikono yote miwili juu ya meza. "Madam, kama ni wakili mwingine angeniambia nisaini, ningekataa. Naapa ningekataa. Nilisaini kwa sababu ni wewe. Uliniuliza kama nimekula. Ningesaini chochote ulichoniwekea mbele. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Mbeti alivuta kiti, hakukikalia. Shingo yake ndefu ikapandwa na wekundu wa hasira, au wa kitu kingine.

"Toka," alisema. "Kapange faili za mwaka juzi."

Awiti alipanga faili za mwaka juzi, Jumatatu nzima na Jumanne nzima, katika kistoo kisicho na dirisha. Mbeti alipita mara nne bila kumsalimu. Saa ya chakula cha mchana, mlo waliozoea kula pamoja, Mbeti alikula peke yake, mlango umefungwa. Munyao alimletea Awiti chai na andazi, akaketi juu ya sanduku.

"Kosa ni langu," alisema. "Kijaluo chenyewe najua neno moja tu."

"Ungesema hujui, Mzee."

"Kwa Madam? Husemi hujui." Alikuna kichwa. "Wewe ndiye wa kwanza kumwambia hapana na ukabaki ndani ya jengo."

Jumanne jioni Awiti alimpigia Dorsila simu, akakata kabla haijaita. Alijiapiza kwamba kesho, liwe liwalo, mama yule hataingia kortini bila kujua. Angesema mwenyewe, hata kama ni mlangoni.

*

Asubuhi ya Jumatano alimkuta Dorsila kwenye varanda ya mahakama ya watoto, amevaa nguo ya kanisani, Apondi kando yake. Awiti alifungua mdomo, na papo hapo karani wa korti akaita namba ya kesi yao. Kumbe walikuwa wa kwanza.

Mle ndani Owiti alikaa upande mmoja na wakili wake, kijana mwenye tai pana. Hakimu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alifungua faili.

"Naona tuna makubaliano. Hongereni. Mawakili, niyaingize?"

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema yule wa tai.

Mbeti alisimama. Awiti, aliyekuwa nyuma yake, aliona vidole vyake vimebana ukingo wa meza.

"Mheshimiwa, kabla hujayaingiza. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna cheti cha mfasiri. Si cha kweli. Mteja wangu hakusomewa hati hii kwa lugha yake. Mwanafunzi wangu alitia saini kwa sababu nilimwagiza, na alinijulisha Jumatatu kwamba mteja hajaelewa. Leo ni Jumatano. Kuchelewa ni kwangu, na kosa ni langu."

Wakili wa tai alijishughulisha na kalamu yake. Hakimu alivua miwani.

"Bi. Mbeti, uko kwenye kazi hii miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, mheshimiwa."

"Na ndani ya miaka kumi na tisa hukupata mtu wa kumsomea ajuza karatasi tatu."

Watu wawili benchi la nyuma walicheka. Mbeti alisimama pale pale, akakipokea kicheko chote.

"Na wewe, msichana. Huo mkono uliotia saini ni wa nani?"

"Ni wangu, mheshimiwa."

"Hakikisha unabaki wako." Alivaa miwani. "Cheti hiki nakifuta. Nataka maelezo ya maandishi kutoka kwenu wote wawili kabla ya Ijumaa, kisha nitaamua yapelekwe wapi. Sasa hivi nawapa saa moja. Nendeni mkasome."

*

Waliketi kwenye benchi la varandani: Dorsila katikati, Apondi kushoto kwake, Awiti kulia. Mbeti alisimama mbele yao kama mtu aliyekosa kiti.

"Nitaandika kwenye ripoti yako ya mafunzo," alimwambia Awiti kwa sauti ya chini. "Lazima. Huenda ukaongezewa miezi. Na kosa langu nitaliandika vilevile, sijui watanifanya nini."

"Sawa, Madam."

"Somea mteja."

Awiti alisoma. Alichukua sentensi moja ya Kiingereza, akaigeuza Kijaluo cha nyumbani, akangoja, akachukua nyingine. Alipofika pale pa Jumapili moja kila mwezi, Dorsila aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Alirudia.

"Kutoka saa nne hadi saa kumi," Dorsila alisema polepole. "Kama wagonjwa wa hospitali." Kisha akamgeukia. "Ulilijua hili Jumamosi?"

"Nililijua, Dani."

"Ukikaa pale unakula njugu zangu?"

"Ndiyo."

Machozi yalimtoka Awiti, yakaanguka juu ya hati. Mbeti hakumwambia anawe uso. Apondi naye hakumtetea binti yake. Alitazama sakafu, na aibu iliyokuwa usoni mwake ilimchoma Awiti kuliko maneno ya hakimu.

"Mwambie huyu wakili wako," Dorsila alisema, "mimi si mpumbavu. Mwambie najua shule ya huku kwangu iko mbali, mtoto anatembea na kurudi amechoka. Najua presha yangu. Mke wa Owiti ni mtu mzuri, alikuja matanga ya Jacklyne akapika siku tatu. Kama mngeniuliza, ningewaambia mtoto akae kule siku za shule. Ningelia, lakini ningesema. Mbona hamkuniuliza?"

Awiti alitafsiri, neno kwa neno, hakupunguza kitu. Mbeti alisikiliza mpaka mwisho. Halafu, na sketi yake ile nzuri ya korti, alichuchumaa sakafuni mpaka macho yake yakawa chini ya macho ya yule mama.

"Mwambie nilipaswa kumuuliza," alisema. "Mwambie nilikuwa na haraka, nikadhani haraka yangu ni huruma. Muulize sasa. Anataka nini?"

Dorsila hakuhitaji muda. "Kila Ijumaa akitoka shule aje kwangu, arudi Jumapili baada ya kanisa. Likizo tugawane, na ya Desemba aende nami Ugenya kwa kaburi la mama yake. Na ni mimi nitakayemwambia mtoto. Nisisikie ameambiwa na karatasi."

Mbeti alimwita Owiti. Alikuja akipangusa viganja kwenye suruali, hakuthubutu kumtazama mama mkwe wake. Aliposikia masharti, kwa Kijaluo, alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Mama, mimi sikuomba mara moja kwa mwezi. Wakili ndiye aliyeandika hivyo. Nilidhani wewe ndiye umekubali kwa sababu umechoka."

"Nani amekwambia nimechoka?"

"Hakuna, Mama. Nilikisia tu."

Wakili wa tai alisema masharti hayo yanakubalika upande wake, ingawa hakuna aliyemuuliza. Mbeti alitoa kalamu, akaandika vifungu vipya kwa mkono nyuma ya hati, karatasi ikiwa gotini. Aliandika kwa herufi kubwa, bila maneno ya Kilatini. Awiti alivisoma kwa Kijaluo. Munyao, aliyewafuata kortini akiwa amebeba kidau cha wino tangu asubuhi akiogopa kukitua, alikifungua na kukisogeza.

Dorsila alilowesha kidole gumba, akakielekeza kwenye karatasi, akakisimamisha hewani.

"Nisomee tena. Kuanzia juu."

Mlango wa korti ulifunguliwa. Karani alichungulia, akatazama saa ya ukutani. "Wakili Mbeti! Saa yenu imeisha. Mheshimiwa anauliza kama mko tayari."

Awiti alimtazama mwalimu wake. Mbeti alikuwa bado amechuchumaa, goti moja limeshika vumbi, macho yakiwa kwenye kidole cha yule mama.

"Mwambie mheshimiwa tunaomba radhi," alisema bila kugeuka. "Bado tunasoma."